WAGIRIKI WAISHIO UGENINI, NA MAMBO TUWEZAYO KUJIFUNZA KWAO

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa shauri la Halmashauri.



 Ni desturi ya Chama chetu kumteua mtu mmoja kila mwaka alete habari za watu wengine, tusije tukadhani kwamba mambo yanayotupata yametupata sisi peke yetu duniani. Mwaka huu zamu imeniangukia mimi, nami nimechagua habari za Wagiriki, wale ambao Biblia yetu huwaita Wayunani. Sitasema juu ya Wagiriki wa kale wenye mahekalu na wanafalsafa, maana hao mwaweza kuwasoma katika vitabu vya shule. Nataka kusema juu ya Wagiriki waliotoka kwao kutafuta riziki katika nchi za watu, wakajikuta wachache katika miji mikubwa, wakaunda vyama kama hiki chetu.

Pengine mtauliza, Karani huyu amewajuaje Wagiriki? Ninyi mnajua kwamba kazi yangu ni kuandika karatasi za shehena bandarini. Mara nyingi nimeona meli kubwa ambayo tezi yake imeandikwa Piraeus, ndio mji wa bandari ulio karibu na Athens. Nilistaajabu kuona kwamba taifa dogo kama lile, lenye watu wapatao milioni 10 na nusu, ni miongoni mwa mataifa yanayomiliki meli nyingi kupita yote duniani. Nikaanza kusoma habari zao jioni baada ya kazi, na kadiri nilivyosoma niliona kama nasoma kumbukumbu za mikutano yetu wenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ya lile shauri lililo mbele yetu leo, ambalo limetugawanya tangu mwaka jana. Wazee wetu wengine wanataka mikutano yote na kumbukumbu zote ziwe kwa lugha ya kwetu tu, kwa maana chama cha watu wa kwetu kisichosema lugha ya kwetu ni sawa na mtungi uliotoboka. Vijana wanataka Kiswahili, kwa kuwa wengi wao wamezaliwa papa hapa Mombasa, na wengine wameoa au wameolewa na watu wa makabila mengine, na wenzao hao huketi hapa kama wageni wasiojua arusi ni ya nani. Katika mwaka uliopita vijana kumi na mmoja hawakulipa ada. Nilipomwuliza mmoja wao sababu, alinijibu kwa adabu, “Karani, nitalipiaje maneno nisiyoyaelewa?” Jibu hilo sijalisahau. Basi naomba mnisikilize habari za Wagiriki mkiwa na shauri hilo moyoni.

Wagiriki wana neno lao, diaspora, ambalo limeingia katika lugha nyingi, hata siku hizi twalisikia likitajwa kila zinaposemwa habari za Wakenya walioko ng’ambo. Shina la neno hilo ni kutawanya, kama mkulima atawanyavyo mbegu shambani. Nchi yao ni ya milima na visiwa. Mawe ni mengi na udongo ni haba. Kwa hiyo tangu zamani sana wamezoea kupanda chombo na kwenda. Mji wa Marseille ulio Ufaransa ulianzishwa na mabaharia wa Kigiriki kama mwaka 600 kabla ya Kristo. Baadaye, Waturuki walipouteka mji wa Constantinople mwaka 1453, Wagiriki wengi walikimbilia magharibi, na wengine wakafika Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji.

Huko Venice walikuwa askari, wapiga chapa, wenye vyombo na vibarua. Mwaka 1498 serikali ya mji iliwapa ruhusa ya kuunda udugu wao. Kazi ya udugu huo ilikuwa kuwasaidia wagonjwa, wajane na yatima, na kuwazika wafu kwa heshima. Sikilizeni vema, Wazee: zaidi ya miaka mia tano iliyopita, watu walio mbali na kwao walikutana wakatoa fedha kidogo kidogo ili mwenzao asizikwe kama mtu asiye na ndugu. Je, si ndilo jambo lililowakutanisha baba zetu walipoanzisha Chama hiki? Haba na haba hujaza kibaba. Udugu ule ulianza kujenga kanisa lake mwaka 1539, ukalimaliza mwaka 1573, nalo lasimama hata leo.

Mahali pengine vyama hivyo vilizaa mambo makubwa kupita mazishi. Mwaka 1814, katika mji wa Odessa ulioko kando ya Bahari Nyeusi, Wagiriki watatu wa biashara waliunda chama cha siri cha kuikomboa nchi yao kutoka katika utawala wa Waturuki. Hawakuwa wafalme wala majemadari. Walikuwa watu wa kuhesabu magunia ya nafaka na kuandika barua. Vita vya uhuru vilianza mwaka 1821, na kazi kubwa ya kuvitayarisha ilikuwa imefanywa ugenini.

Sasa twende Misri, katika bara letu la Afrika, maana huko ndiko kuliko fundisho kubwa. Muhammad Ali, aliyeitawala Misri tangu mwaka 1805 hata 1848, aliwakaribisha wageni wa biashara. Wagiriki wengi walishuka Alexandria; wengine walinunua pamba, wengine walifungua maduka madogo hata katika vijiji vya Mto Nile. Mwaka 1843 waliunda Jumuiya ya Wagiriki ya Alexandria. Neno lao la jumuiya ni koinotita, maana yake ni kitu kilicho cha wote. Rais wake wa kwanza alikuwa Michael Tositsas, tajiri wa pamba, mtu wa kijiji cha Metsovo kilichoko milimani.

Katika kijiji hicho hicho alizaliwa George Averoff, mwaka 1815. Alikwenda Misri akiwa kijana, akawa tajiri mkubwa kwa biashara ya pamba na vyombo. Aliijengea Jumuiya shule za wavulana na wasichana. Wala hakuisahau nchi ya baba zake. Ilipotakiwa kufufuliwa michezo ya Olimpiki mjini Athens mwaka 1896, na serikali haikuwa na fedha, ni Averoff aliyetoa karibu drakma milioni moja ili uwanja wa kale ujengwe upya kwa marumaru. Alipofariki mwaka 1899, wasia wake ulisaidia kununua manowari iliyopewa jina lake. Manowari hiyo imehifadhiwa mpaka leo kama makumbusho. Na chuo kikuu cha ufundi cha Athens hata sasa kinaitwa kwa jina la Metsovo, kwa kuwa wafadhili wake walitoka huko. Hebu fikirini: kijiji kidogo cha milimani kimeandikwa juu ya mlango wa chuo cha mji mkuu, na fedha zilitoka Misri.

Lakini tusidanganyike na majina ya matajiri. Hesabu ya watu ya mwaka 1927 ilikuta nchini Misri zaidi ya raia 70,000 wa Ugiriki, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida: waashi, washona nguo, wauza maduka, mabaharia na makarani. Mmoja wa makarani hao nampenda sana, kwa sababu ya kazi yetu moja. Jina lake ni Constantine Cavafy. Alizaliwa Alexandria mwaka 1863, akafa huko huko mwaka 1933. Kwa muda wa miaka thelathini alikuwa karani katika ofisi ya serikali iliyosimamia maji ya kumwagilia mashamba. Jioni aliandika mashairi kwa Kigiriki, akayapiga chapa katika karatasi chache na kuwagawia marafiki. Hakutoa kitabu cha kuuza maisha yake yote. Leo anahesabiwa miongoni mwa washairi wakuu wa lugha yake, naye hakupata kuishi Ugiriki. Basi yeye asemaye kwamba mtoto aliyezaliwa ugenini hawezi kuijua lugha ya baba zake, na amtazame karani huyo. Aliijua kwa sababu palikuwa na watu waliojali kuisema, kuifundisha na kuiandika.

Sasa nitasema upande wa pili, maana hotuba ya sifa tupu haina faida. Wagiriki wa Misri waliwafundisha watoto wao Kigiriki vizuri sana, na Kifaransa pia. Wengi hawakuwafundisha kuandika Kiarabu. Waliishi kando ya Wamisri kwa miaka mia na zaidi, wakinunua kwao na kuwauzia, lakini lugha ya mwenye nchi walijua ile ya sokoni tu. Tena, kama wageni wengine wa Ulaya, walilindwa na mapatano ya zamani yaliyowafanya wasihukumiwe na mahakama za Misri. Upendeleo huo ulionekana kuwa ukuta wa mawe, kumbe ulikuwa ukuta wa udongo. Mwaka 1937, katika mkutano wa Montreux, ilikubaliwa uondolewe. Mwaka 1947 ikatoka sheria kwamba sehemu kubwa ya waajiriwa wa makampuni wawe Wamisri, na karani asiyejua kuandika Kiarabu akajiona hana mahali pa kukaa.

Mwaka 1956 Rais Nasser aliutwaa Mfereji wa Suez. Marubani wa meli Waingereza na Wafaransa waliacha kazi, wakidhani kwamba mfereji utafungwa. Marubani wa Kigiriki walikaa na kufanya kazi pamoja na Wamisri, na meli zikaendelea kupita. Jambo hilo lilikuwa la urafiki, na Wamisri waliliona. Walakini halikutosha kuzuia mambo yaliyokuwa yakija. Mwaka 1961 serikali ilitaifisha makampuni na biashara nyingi, na Wagiriki wakaondoka kwa maelfu kwenda Athens, Australia na kwingineko. Katika miaka michache mji ambao babu zao waliujenga ukabaki na wachache wao. Jumuiya ya Alexandria ingali ipo, na shule yake ingali ipo, lakini madarasa yaliyokuwa yakijaa zamani sasa yana nafasi.

Ni nini kilichobaki Misri? Mashamba ya pamba hayakubaki mikononi mwao, wala viwanda. Zilibaki shule, mashairi ya karani yule, na Kanisa. Hapa pana jambo linalotugusa sisi Wakenya. Patriaki wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki lenye kiti chake Alexandria ndiye aliyewapokea Waorthodoksi wa Kenya katika ushirika wake mwaka 1946. Na mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios, ambaye alikuwa pia Rais wa Cyprus, na ambaye Waingereza walikuwa wamemfunga katika visiwa vya Ushelisheli mwaka 1956, alikuja Kenya akaweka jiwe la msingi la chuo cha mapadri huko Riruta, Nairobi. Wagiriki wa Alexandria walipopungua, kiti kile hakikufa. Siku hizi waumini wake wengi ni Waafrika. Mlango uliofunguliwa kwa wengine ndio ulioiokoa nyumba.

Na tuvuke bahari twende Marekani. Mwaka 1893 bei ya zabibu kavu, ambayo wakulima wengi wa Ugiriki waliitegemea, ilianguka vibaya. Wanaume wakaanza kuondoka vijijini, na kabla ya mwaka 1924 mamia ya maelfu walikuwa wamefika Marekani. Wengi walikwenda bila wake, wakidhani watakaa miaka mitatu au minne, walipe deni la shamba, wapate mali ya kuwaoza dada zao, kisha warudi. Maana kwao, tofauti na kwetu, upande wa bibi arusi ndio uliotoa mali. Wengine walirudi kweli. Wengine wanarudi mpaka leo, kama sisi tunavyosema kila Krismasi kwamba mwakani tutahamia nyumbani.

Huko walijenga reli, walichimba migodi, walifanya kazi katika viwanda vya nguo, na watoto wa miaka kumi na kidogo waling’arisha viatu mitaani. Nasikitika kusema kwamba mara nyingi aliyewanyonya alikuwa mtu wa kwao. Tajiri wa Kigiriki aliwaleta watoto hao kutoka vijijini, akawalaza chumba kimoja, akachukua mshahara wao. Katika jimbo la Utah palikuwa na Leonidas Skliris, wakala aliyewatafutia Wagiriki kazi katika migodi na reli. Kila aliyepata kazi alimlipa ada, na baadaye akakatwa fedha katika mshahara wake. Mwaka 1912 wachimbaji wa Bingham walipogoma, Wagiriki, na hasa wale wa kisiwa cha Krete, walidai jambo hili pia, kwamba mtu huyo aondolewe. Akajiuzulu. Wazee wangu, kusema lugha moja si hati ya uaminifu. Ndiyo sababu Mweka Hazina wetu atasoma hesabu leo mbele ya watu wote, wala pasiwe na mtu atakayeona haya kumwuliza swali.

Wenyeji nao hawakuwapokea wote kwa wema. Mwezi wa Februari 1909, katika mji wa South Omaha, kundi la watu wenye hasira lilivunja na kuchoma mtaa wa Wagiriki, wakakimbia wote. Baadaye wale wa Ku Klux Klan, ambao ubaya wao juu ya watu weusi mnaujua, waliwachukia Wagiriki pia kwa kuwa wageni. Ndipo mwaka 1922, katika mji wa Atlanta, Wagiriki wa biashara walipounda chama kiitwacho AHEPA. Chama hicho kilikata shauri kwamba lugha ya mikutano yake itakuwa Kiingereza, kwamba wanachama wake wawe raia wema wa Marekani, na hata asiye Mgiriki aweza kuingia.

Wagiriki wengine walikasirika. Walisema, “Hawa wameuza nyumba kabla ya kufilisika.” Mwaka uliofuata, 1923, wakaunda chama chao, GAPA, kilichotumia Kigiriki na kutetea shule za Kigiriki na kanisa. Vyama viwili hivyo vilishindana kwa miaka mingi, na ugomvi uliingia majumbani. Mwaka 1924 ikatoka sheria iliyowaruhusu Wagiriki 100 tu kwa mwaka kuingia Marekani kuhamia, na hapo damu mpya ya kutoka nyumbani ikawa kama imekatwa. Chama ambacho kingeishi ni kile ambacho watoto waliozaliwa Marekani wangekubali kuingia.

Ni nani aliyeshinda? Nimelifikiri sana swali hili. GAPA kilidhoofika kadiri wazee wake walivyozeeka. AHEPA kingalipo mpaka leo, chenye matawi katika nchi nyingi. Kwa hesabu hiyo wale wa Kiingereza walishinda. Lakini wajukuu wengi wa wanachama wake hawajui Kigiriki, isipokuwa maneno ya sala, majina ya vyakula, na salamu za bibi. Kwa hesabu hiyo wale wa Kigiriki walikuwa wameona kweli. Kila upande ulishika nusu ya ukweli, na kwa kuwa hawakutaka kuketi pamoja, nusu mbili hizo hazikuungana.

Mahali pengine ziliungana. Nitataja pawili. Katika Tarpon Springs, mji mdogo wa Florida, tangu mwaka 1905 walifika wazamiaji kutoka visiwa vya Kalymnos, Symi na Halki, watu waliozoea kuzamia sifongo za baharini. Walifanya kazi ile ile waliyoijua kwao, na watoto wao waliiona. Hata ugonjwa ulipoziua sifongo nyingi baharini katika miaka ya 1940, mji haukuvunjika. Kila tarehe 6 Januari vijana hujitupa majini kuutafuta msalaba uliotupwa na askofu, na mji mzima, Wagiriki na wasio Wagiriki, husimama kutazama. Sikukuu ya wachache imekuwa sikukuu ya mji.

Pa pili ni Melbourne, Australia. Jumuiya ya Wagiriki ya huko ilianzishwa mwaka 1897, lakini watu wengi walifika baada ya Vita Vikuu vya Pili na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoiharibu Ugiriki. Mapatano ya serikali mbili ya mwaka 1952 yaliwasaidia nauli. Vijana wa kiume walitangulia kufanya kazi za viwandani. Wasichana wakafuata kwa meli, wengine wakiwa wamewajua wachumba wao kwa picha tu. Siku za juma watoto walisoma Kiingereza pamoja na wengine, na Jumamosi au jioni walikwenda shule ya Kigiriki iliyolipiwa na wazazi. Mwaka 1975 serikali ilifungua stesheni za redio zenye matangazo ya lugha za wahamiaji, Kigiriki kikiwamo. Gazeti lao, Neos Kosmos, lililoanza mwaka 1957 kwa Kigiriki, sasa hutolewa kwa Kiingereza pia, ili mjukuu naye asome. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu zaidi ya 400,000 wa Australia walijitaja kuwa wa asili ya Kigiriki. Watu hawajitaji kwa jina wanaloliona haya.

Nimalizie safari yangu karibu na kwetu. Wakati Wadachi walipojenga reli katika Tanganyika, miongoni mwa makontrakta wadogo walikuwamo Wagiriki. Wengine walibaki wakapata mashamba ya mkonge upande wa Tanga, na kahawa karibu na Kilimanjaro na Arusha. Hapa yafaa tuseme kweli: mashamba yale yalilimwa katika ardhi ya Waafrika na kwa jasho la Waafrika, kwa mshahara mdogo, na wengi wa wazee wa huko hawana la kusifu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na Wagiriki wengi wakaondoka, kama walivyoondoka Misri.

Lakini mwulizeni mzee yeyote wa Dar es Salaam akuonyesheni Anatoglo. Atawapeleka Mnazi Mmoja. Jina hilo ni la George Arnautoglou, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, aliyetoa fedha za kujenga ukumbi kwa ajili ya watu wa mji. Katika ukumbi huo, mwaka 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka uliofuata. Sidhani mjenzi aliwaza hivyo alipotoa fedha. Lakini mashamba yake mengi watu wameyasahau, na ukumbi aliowapa majirani umehifadhi jina lake, ijapokuwa wenyeji wamelitamka kwa namna yao.

Wazee wangu, ndugu zangu, sasa narudi kwenye shauri letu. Kuna methali ya pwani hii tunayokaa: nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wazee huipenda, nami naipenda, kwa maana yatukumbusha kwao kwetu. Lakini mtoto aliyezaliwa Majengo au Changamwe ngama yake i wapi? Tukimwambia kwamba kwao ni mahali ambapo hajapaona, tena kwa lugha ambayo hatukumfundisha, tusimlaumu akitoka mlangoni. Na vijana nao nawaambia, mwacha asili ni mtumwa. Msidhani kwamba lugha ya babu zenu ni mzigo wa wazee. Ikipotea katika nyumba moja tu, haitarudi kwa kununuliwa.

Kwa hiyo nimeomba kwa Halmashauri, nayo imenipa ruhusa kuyaleta mbele yenu mambo mawili yafanywe kwa pamoja, wala lisikubaliwe moja na kukataliwa la pili. Kwanza, mikutano yetu ifunguliwe kwa lugha ya kwetu na kuendeshwa kwa Kiswahili, na kumbukumbu niziandike kwa lugha zote mbili. Kazi hiyo nitaifanya bila malipo zaidi. Pili, kila Jumamosi asubuhi ukumbi huu ufunguliwe kwa darasa la watoto, ambapo wazee wetu watafundisha lugha, hadithi, na majina ya ukoo. Na mtoto wa jirani, awe Mdigo au Mkamba au Mhindi, akitaka kuingia, asifukuzwe. Gharama ni chaki, mkeka, na taa pakiwa na mawingu; Mweka Hazina atawaeleza hesabu yake.

Nilikwenda kwa yule kijana aliyenijibu juu ya ada, nikamweleza mambo haya mawili. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza kama mtu mzima pia aweza kuketi katika darasa hilo la Jumamosi. Nilimwambia sijui, nitawauliza wazee. Ndipo nawauliza leo.